Mtu Mzima Kati ya Watoto wa Shule: Mtakatifu Ignasi Mjini Paris

Tarehe 2 ya mwezi wa Februari, mwaka 1528, siku ya kubariki mishumaa kwa sikukuu ya Kutakaswa kwake Bikira Maria, mtu mmoja mfupi, mwenye kuchechemea, aliwasili Paris kwa miguu. Alikuwa ametoka Barcelona katika nchi ya Hispania, mwendo wa kilometa karibu 1000, peke yake, katikati ya baridi kali ya Ulaya. Hakuwa kijana. Umri wake ulikuwa kama miaka 37, na kichwani nywele zilikuwa zimeanza kupungua. Hakujua Kifaransa. Alikuja kutafuta elimu.

Mtu huyo ndiye Iñigo wa Loyola, ambaye Kanisa lote lamjua kwa jina la Mtakatifu Ignasi. Jina hili la Ignasi lilianza kutumika huko huko Paris, nalo ndilo lililoandikwa katika vitabu vya Chuo Kikuu.

Alizaliwa mwaka 1491 katika nchi ya Wabaski, kaskazini ya Hispania, katika jamaa ya wakubwa wenye ngome na mashamba. Alikuwa kitinda mimba wa nyumba yenye watoto wengi. Angali kijana alipelekwa kulelewa katika nyumba ya mweka hazina wa mfalme wa Castilla, na huko alijifunza mambo waliyofunzwa watoto wa wakubwa: kupanda farasi, kushika upanga, kucheza ngoma za kiungwana, kuandika kwa mwandiko mzuri, na kutafuta sifa. Mwandiko ulikuwa mzuri kweli kweli. Kuhusu Kilatini, ambacho kilikuwa mlango wa elimu yote siku zile, alijua kidogo sana.

Tarehe 20 Mei 1521 Wafaransa waliuzingira mji wa Pamplona. Wakubwa wa ngome walitaka kusalimu amri, maana askari wao walikuwa wachache. Iñigo aliwashawishi wapigane. Ndipo tufe la mzinga lilipompiga, likavunja mguu mmoja na kuujeruhi wa pili, na alipoanguka yeye, ngome nayo ikatolewa mara. Wafaransa walimtendea kwa heshima, wakamrudisha kwao Loyola akichukuliwa machelani. Huko matabibu waliona kwamba mfupa umeungwa vibaya, wakauvunja tena na kuunga upya. Mfupa ulipopona ulibaki umetokeza chini ya goti, hata asingeweza kuvaa viatu virefu vya kubana walivyovaa watu wa mabarazani. Aliamuru mfupa ule ukatwe kwa msumeno. Hapakuwa na dawa ya ganzi. Alikunja ngumi tu. Ndivyo alivyokuwa: ushupavu mkubwa kwa jambo dogo kama kiatu. Ushupavu ule haukumtoka baadaye, ila uligeuzwa upande.

Katika miezi ya kulala kitandani aliomba apewe vitabu vya hadithi za mashujaa. Nyumbani hapakuwa na hata kimoja. Vilivyopatikana vilikuwa maisha ya Kristu na maisha ya watakatifu. Alivisoma kwa uvivu kwanza, kisha kwa njaa. Habari ya kuongoka kwake yajulikana na Wakristu wengi: jinsi alivyokesha usiku kucha mbele ya altare ya Bikira Maria huko Montserrat mwezi wa Machi 1522, akiacha upanga wake hapo na kumpa maskini nguo zake nzuri, jinsi alivyokaa Manresa karibu mwaka mzima katika sala, toba na mateso ya moyo, jinsi alivyokwenda Yerusalemu mwaka 1523 akitaka kukaa huko hata kufa, nao Wafransisko waliolinda mahali patakatifu wakamwamuru arudi.

Basi alirudi, na njiani akajiuliza afanye nini. Alitaka kusaidia roho za watu. Lakini kila aliposema habari za Mungu, watu wenye elimu walimwuliza amesoma wapi, na jibu lilikuwa kwamba hakusoma popote.

Akakata shauri kusoma. Mwaka 1524, akiwa na miaka 33, aliketi Barcelona pamoja na watoto ili ajifunze sarufi ya Kilatini. Alipojaribu kushika maneno moyoni, mawazo matamu ya sala yalimjia yakamfukuzia masomo. Alitambua kwamba utamu ule, ingawa ulikuwa wa mambo matakatifu, ulikuwa mtego, kwa kuwa haukumjia hivyo hata wakati wa Misa. Akamwendea mwalimu wake, akaahidi kutokosa darasa hata moja muda wa miaka miwili, maadamu apata mkate na maji.

Kisha alikwenda Alcalá, na huko alifanya kosa wanalolifanya wanafunzi wengi wenye haraka. Alisoma mantiki, elimu ya viumbe na teolojia vyote pamoja, asipate msingi wa kimoja. Tena alikuwa akifundisha watu sala na katekisimu wakati angali mwanafunzi. Wakuu wa dini walimshuku. Alitiwa kifungoni siku 42 Alcalá, na siku 22 Salamanca. Hawakuona kosa katika mafundisho yake. Hata hivyo huko Salamanca alikatazwa kueleza tofauti ya dhambi ya mauti na dhambi ndogo mpaka awe amesoma miaka minne zaidi. Hapo ndipo alipoazimu kwenda Paris. Rafiki zake wa Barcelona walimsihi asiende: Hispania na Ufaransa zilikuwa vitani, na habari zilienea kwamba Wafaransa huwachoma Wahispania wakiwa hai, kama nyama katika vijiti. Iñigo hakuona hofu yoyote, akashika njia.

Mji alioufikia siku ile ya Februari ulikuwa miongoni mwa miji mikubwa kabisa ya Ulaya. Mto Seine waukata vipande viwili. Upande wa kaskazini walikaa wafanyabiashara. Kisiwani, katikati ya mto, lilisimama kanisa kuu la Notre-Dame. Upande wa kusini, juu ya kilima cha Mtakatifu Genoveva, ulikuwako mji wa wanafunzi. Msafiri atokaye kusini alipita lango la Saint-Jacques, na mara alijiona kati ya makolegio, kolegio kwa kolegio, zilizokaribia 50, na wanafunzi maelfu. Walitoka kila taifa la Ulaya, nao walisemezana kwa Kilatini, kwa hiyo mtaa ule huitwa hata leo Mtaa wa Kilatini. Njia zilikuwa nyembamba na zenye matope. Mgeni asiyejua lugha ya nchi aliweza kuuliza njia kwa Kilatini, kama Kilatini chake chatosha. Cha Iñigo kilitosha kwa shida.

Siku ile ya kwanza hakufanya makuu. Alitafuta pa kulala, akapata chumba katika nyumba walimokaa Wahispania wengine. Mwezi mmoja baadaye alimwandikia mama mmoja wa Barcelona aliyekuwa akimsaidia, akimpa habari kwamba amefika mzima, kwa hali njema ya anga, na kwamba atakaa asome mpaka Bwana atakapomwagiza jambo jingine. Basi. Hakueleza uchungu wa njia wala baridi.

Alipojipima, aliona kwamba yote aliyoyasoma Hispania yalikuwa nyumba isiyo na msingi. Akaamua kuanza tena chini kabisa. Akaingia kolegio ya Montaigu, akawekwa pamoja na watoto kujifunza sarufi. Jambo hili si dogo. Mtu aliyekuwa afisa wa vita, aliyefika Yerusalemu, ambaye wanawake wakubwa na mapadri walikuja kwake kutaka shauri, aliketi katika benchi moja na wavulana, akikaririshwa maneno aliyokwisha kukaririshwa Barcelona. Hakuna aliyemlazimisha. Montaigu yenyewe haikuwa mahali pa raha. Kolegio ile ilisifika kwa ukali wa sheria zake, na ilichekwa kwa chakula chake kibaya na chawa wake. Erasmus, mtaalamu mkubwa wa zama zile, alikaa humo ujanani mwake, naye alilalamika maisha yake yote.

Kosa lake la kwanza Paris lilikuwa la kuamini mno. Alikuwa ameleta kutoka Barcelona hati ya fedha, na mfanyabiashara mmoja alimlipa sarafu 25 za dhahabu. Kwa kuwa hakupenda kushika fedha mwenyewe, alimpa Mhispania mmoja wa nyumba ile amtunzie. Yule aliitumia yote kwa muda mfupi, asiwe na kitu cha kurudisha. Hata Kwaresima ilipokwisha, Iñigo hakuwa na senti moja. Kodi ya chumba haikulipika tena. Ikambidi atoke, akaanza kuomba sadaka mitaani.

Alipokewa katika hospitali ya Saint-Jacques. Neno hospitali wakati ule lilikuwa na maana ya nyumba ya kulaza maskini na wasafiri, hasa waendao kuhiji kaburi la Mtume Yakobo. Alipata paa juu ya kichwa, lakini alipata na tabu mpya. Nyumba ile ilikuwa ng'ambo ya mto, mbali na Montaigu. Mlango haukufunguliwa mpaka kuche, na jioni ilimpasa awe amerudi kabla ya kengele ya Salamu Maria. Lakini darasa huko Montaigu lilianza kabla ya mapambazuko, na la jioni lilikwisha baada ya kengele. Hivyo kila siku alikosa la kwanza na la mwisho. Na saa zilizobaki katikati, nusu yake ilikwenda katika kuomba mkate. Yeye aliyeahidi kutokosa darasa maadamu apata mkate na maji, sasa mkate wenyewe ulimkosesha darasa.

Alifikiri kujiweka mtumishi kwa mwalimu mmojawapo, kama walivyofanya wanafunzi maskini wengi, ambao walifagia na kuteka maji ili wapate kusoma. Alikwisha kujipangia moyoni kwamba mwalimu atamhesabu kama Kristu, na wanafunzi kama mitume, mmoja Petro, mwingine Yohane, ili kutii kuwe kwepesi. Aliomba watu wengi wamtafutie bwana. Hakupatikana hata mmoja. Pengine hakuna mwalimu aliyetaka mtumishi wa umri ule, mwenye mguu mbovu.

Hatimaye mtawa mmoja Mhispania alimpa shauri lenye busara kuliko yote: heri kwenda kila mwaka katika nchi ya Flanders, walikokaa wafanyabiashara matajiri wa Kihispania, akaombe huko miezi miwili au chini yake, arudi na chakula cha mwaka mzima. Akalifuata. Alikwenda miaka mitatu, Bruges na Antwerp, na mwaka 1531 alivuka bahari mpaka London, ambako alipata sadaka nyingi kuliko miaka yote mingine. Baadaye wafanyabiashara wenyewe walimpelekea msaada Paris, asiwe na haja ya kusafiri. Na alipopata vya kutosha, aligawia wanafunzi wengine wenye shida.

Lakini yule aliyekula sarafu 25? Alitoka Paris akitaka kurudi Hispania kwa bahari, na alipokuwa akingoja meli mjini Rouen, akaugua. Hakuwa na ndugu wala rafiki. Akamwandikia barua Iñigo, mtu yule yule aliyemharibia. Wengi wangeitupa barua ile motoni. Iñigo alitaka kwenda kumsaidia, tena alitaka kwenda bila viatu, bila kula wala kunywa, kama sala kwa ajili yake. Asubuhi alipovaa nguo, hofu kubwa ilimshika, hata karibu ashindwe kuvaa. Haikuwa hofu ya kuchukia, ilikuwa woga wa kumjaribu Mungu. Alitoka hivyo hivyo kabla jua halijapanda. Hofu ilimfuata mpaka alipopita mji wa Argenteuil, akipanda kilima. Hapo ikamtoka ghafula, akajazwa furaha hata akawa akisema na Mungu kwa sauti kuu mashambani. Usiku wa kwanza alilala pamoja na mwombaji mmoja katika nyumba ya maskini, usiku wa pili katika majani makavu, na siku ya tatu akaingia Rouen. Akamfariji mgonjwa, akamsaidia kupata meli, akamwandikia barua za kumpeleka kwa rafiki zake huko Salamanca. Habari ya kudai fedha haimo katika masimulizi yake.

Mwezi wa Oktoba 1529 alihamia kolegio ya Sainte-Barbe, jirani na Montaigu, aanze masomo ya filosofia chini ya mwalimu Juan de la Peña. Akapewa nafasi katika chumba cha vijana wawili waliozaliwa mwaka mmoja, 1506. Wa kwanza ni Pierre Favre wa Savoia, aliyechunga kondoo za baba yake utotoni, mpole, mwenye akili nyingi na mashaka mengi ya moyo. Wa pili ni Fransisko Xaveri wa Navarra, mtoto wa ngome, mwepesi wa kuruka na kukimbia, mwenye kutafuta cheo. Nao ndugu za Fransisko walipigana upande wa adui katika vita ile ile iliyomvunja Iñigo mguu. Mwalimu alimwagiza Favre amrudilie mgeni masomo ya Aristoteli. Hivyo mtu wa miaka 38 alifundishwa na kijana wa miaka 23. Na kijana, usiku, alimfungulia mtu mzima moyo wake. Fransisko hakutekwa upesi. Miaka kadhaa alimcheka mzee huyu mwombaji.

Pia hakupona mashaka ya wakubwa. Wanafunzi watatu Wahispania, baada ya kufanya Mazoezi ya Roho chini yake, waligawa mali yao yote, wakaenda kukaa hospitalini kati ya maskini. Jambo hili liliwaudhi watu mno. Mkuu wa Sainte-Barbe, Mreno Diogo de Gouveia, aliapa kumwadhibu kwa viboko mbele ya kolegio nzima, adhabu ya aibu iliyotolewa kwa mharibifu wa wenziwe. Yasimuliwa kwamba siku ilipofika, Iñigo hakukimbia, wala hakwenda kupigwa kimya kimya. Aliona kwamba aibu ile haitamdhuru yeye, lakini yaweza kuwavunja vijana walioanza tu kumpenda Mungu. Akaenda kwa mkuu peke yake, akamweleza hivyo. Kengele ilikwisha kupigwa na wanafunzi wamekusanyika. Gouveia akamshika mkono, akaingia naye ukumbini, na pale palipotazamiwa viboko akamwomba radhi.

Alipata cheo cha leseni mwaka 1533, na cha ualimu mwaka 1535. Tarehe 15 Agosti 1534, yeye na rafiki sita, ndio Favre, Xaveri, Laínez, Salmerón, Bobadilla na Rodrigues, walipanda kilima cha Montmartre nje ya mji, wakaweka nadhiri katika kanisa dogo la chini ya ardhi. Favre, aliyekuwa padri peke yake kati yao, ndiye aliyesoma Misa. Mwaka uliofuata Ignasi alishikwa na maumivu makali ya tumbo, yaliyoanzia katika ukali wa maisha yake, na matabibu walisema dawa ni hewa ya kwao tu. Wenziwe walimnunulia farasi mdogo, akaenda. Alikuwa amekaa Paris miaka saba.

Mengine yaliendelea kwa haraka. Aliwekwa padri Venezia mwaka 1537, na tarehe 27 Septemba 1540 Baba Mtakatifu Paulo III alilikubali Shirika la Yezu. Gouveia yule yule alikwisha kumshauri mfalme wa Ureno awatake watu hawa kwa kazi ya India. Kwa njia hiyo Fransisko Xaveri alipita Msumbiji na Malindi, akafika Goa mwezi wa Mei 1542. Mwaka 1548, Ignasi angali hai mjini Roma, mapadri wa Shirika walifika Mbanza Kongo, mji mkuu wa ufalme wa Kongo, ingawa hawakudumu huko miaka mingi. Mwaka ule ule ilifunguliwa Messina, katika Sisilia, shule ya kwanza ya Shirika kwa wanafunzi wa nje, na taratibu yake ilikuwa ya Paris: kila mwanafunzi aanzie mahali pake, sarufi kwanza, asipande darasa la pili kabla ya kushika la kwanza. Ignasi alipofariki tarehe 31 Julai 1556, shule za namna hii zilikuwa zaidi ya 30.

Ignasi na Fransisko walitangazwa watakatifu siku moja, tarehe 12 Machi 1622. Pierre Favre, mwenzao wa chumba cha Sainte-Barbe, alingoja zaidi. Baba Mtakatifu Fransisko alimtia katika hesabu ya watakatifu mwezi wa Desemba 2013.